Nimesikia

Katika nyumba ile, neno la kumjibu mkubwa lilikuwa moja tu. Ukitumwa dukani, nimesikia. Ukikaripiwa kwa sababu ya sufuria iliyoungua, nimesikia. Ukiambiwa kesho kuna wageni, ufagie ua mapema, nimesikia. Halikuwa neno la kukubali wala la kukataa. Lilikuwa kama kushika mlango na kuurudisha taratibu ili upepo usiubamize. Msichana aliyelelewa pale alilisema vizuri kuliko wote, sauti chini, macho sakafuni, mpaka watu wakaliacha jina lake la kuzaliwa wakamwita Msikivu.

Baba yake alifariki yeye angali na meno ya utoto, na mama hakukawia kumfuata. Msikivu na dada yake wakachukuliwa na baba mdogo, ndugu wa baba yao tumbo moja, fundi viatu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mnofu ukiwa mmoja alikula mchuzi akawaachia wao mnofu. Viatu vyao vya shule alivishona mwenyewe. Kitu kimoja tu alikuwa hakiwezi: kurudi nyuma katika neno alilolitoa mbele za watu.

Jioni moja alirudi kutoka sala ya magharibi akamkuta Msikivu anakunja nguo. Alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kizingiti. Akamwambia kwamba Mzee wa Mbao, yule mwenye kiwanda cha kupasulia mbao nyuma ya msikiti, ambaye mkewe alifariki mwaka uliopita, ameleta posa. Akasema yeye, kama walii wake, msimamizi wa kumwoza, ameitazama posa hiyo mbele na nyuma na ameona ni ya heri.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

Baba mdogo akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaenda zake kunywa maji. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alimshika mkono Mzee wa Mbao mbele ya wenzao wa safu ya kwanza akamwambia kuwa binti amekubali.

Msikivu hakuyajua hayo. Kwake yeye, alichoambiwa jioni ile kilikuwa habari, na baada ya habari huja swali. Basi akawa anangoja kuulizwa. Akiosha vyombo anapanga jibu, akitandika kitanda analipangua analipanga upya, asije akasema kwa ukali, asije akasema kwa udhaifu. Alilitayarisha jibu lake kama chai ya mgeni, na mgeni mwenyewe akapita barabarani bila kubisha hodi.

*

Msikivu alifanya kazi katika karakana ya magodoro. Ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, upande mmoja marobota ya pamba, upande mwingine magunia ya sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi ambayo ukiipuliza hairudi chini upesi. Katikati ilikaa mashine ya kuchambulia pamba, kuukuu, yenye makelele ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anawaza. Vumbi lake liliwakalia kwenye nyusi na kwenye koo. Wote waliofanya kazi pale sauti zao zilikuwa na mkwaruzo, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mwenye karakana alikuwa mwanamke mnene, mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake, aliyewahi kuolewa mara mbili na kuachika mara mbili. Wafanyakazi walimwita Mama Sufi, na yeye akalipenda jina hilo kuliko yote aliyopewa na wanaume.

Mama Sufi alikuwa na sheria yake juu ya mashine ile. Kila aliyeingia kazini alifundishwa kwamba kelele haishindwi kwa kelele. Ukitaka kusema na mwenzako, usipige ukelele kutoka ulipo. Unaacha kazi, unamwendea, unasimama mbele ya uso wake, unafumbua mdomo wazi na kusema polepole. Asipopata sauti atapata midomo.

Siku moja Msikivu alikuwa anashona ukingo wa godoro pana kuliko magodoro waliyozoea, kitambaa chake kizito chenye mistari. Alikuwa anaipitisha ile sindano ndefu juu na chini, akivuta uzi mpaka kidole kinakuwa cheupe, akajiuliza ni nani mwenye kitanda kikubwa namna ile. Mashine ilipozimwa ili ipoe, akamwuliza Mama Sufi.

Mama Sufi alimtazama kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akacheka, akasema hajawahi kuona mtu akimuuliza jirani habari za nyumba yake mwenyewe. Godoro ni la Mzee wa Mbao. Kitanda amekichonga mwenyewe, mninga mtupu. Arusi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Na wa kulala juu yake ni wewe," alisema. "Mji mzima unajua umekubali."

Sindano ilibaki nusu ndani ya godoro.  Msikivu akasema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo kuwa hajakubali. Hajaulizwa.

Mama Sufi akavuta gunia akakaa. Akamtaka amweleze neno kwa neno, baba mdogo alisema nini na yeye akajibu nini. Msikivu akamweleza.

"Nimesikia," Mama Sufi alirudia, akilionja lile neno kama chumvi. "Hata redio ya jirani naisikia kutwa, mwanangu. Sijaolewa nayo."

Wenzake wawili waliokuwa wanajaza mito wakaangua kicheko, na Msikivu naye nusura acheke, lakini kicheko kilipofika kooni kikageuka kikohozi. Mama Sufi akangoja kipite. Kisha akamwambia, bila mzaha sasa, kwamba sheria ya dini yeye aliisoma kwa kuumia, si kwa kukaa darsani, lakini hili analijua kama ajuavyo njia ya kwao. Mwari akinyamaza kwa haya, wanazuoni wanasema ukimya wake ni idhini. Lakini mwenye kinywa akisema hataki, hakuna ndoa. Baba mdogo ni walii, si mwenye kumiliki. Hata baba mzazi, mbona alikuwepo mwari aliyekwenda kumlalamikia Mtume kwamba baba yake kamwoza asikotaka, akapewa hiyari yake mkononi?

"Siku ya ndoa mwenye mamlaka ni mdomo wako," alisema. "Si wangu. Nikienda mimi kukusemea, watasema yule mwachika kaja kuharibu arusi ya watu, na maneno yako yatazikwa chini ya yangu. Liwe lako."

Kisha akawasha mashine.

*

Msikivu alimwendea baba mdogo pale kibarazani anaposhonea viatu. Baba mdogo alikuwa amebana misumari midogo kati ya midomo, kiatu kimoja kimepinduliwa juu ya chuma. Akamwashiria aseme. Msikivu akasema kwamba lile jambo la posa, yeye hakuwa amekubali.

Baba mdogo aliitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kiganjani.

"Ulisema umesikia."

"Nilisikia, baba."

"Basi."

Alisema katika nyumba yake hajawahi kuona mtu akasikia kisha akafanya lingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye Msikivu hajawahi kuvunjika hata ukucha. Akamwuliza, kwa upole ule ule uliokuwa unamshinda Msikivu siku zote, kama tangu amemlea amewahi kumwamuru ubaya. Msikivu akasema hapana. Akamwuliza Mzee wa Mbao ana kasoro gani.  Mzee hakuwa mlevi, hakuwa mkali, sala hakuacha. Lakini alikuwa na binti mkubwa kuliko Msikivu, aliyekuwa akimfinya masikio kwenye chuo cha Kurani, na sasa angekwenda kuitwa mama na yule yule. Na jingine, ambalo Msikivu hakujua namna ya kulisema kwa mtu mzima: alimwona yule mzee anavyochagua ubao. Anaugonga, anaugeuza, anaufumbia jicho moja, anasema huu. Naye Msikivu alipopita mbele ya kile kiwanda siku moja na fungu la kitambaa kichwani, mzee alimfumbia jicho lile lile.

"Simtaki tu, baba," alisema, na neno likatoka dogo.

Baba mdogo akatazama njiani. Akasema amempa mwenzake mkono ndani ya msikiti, watu wakishuhudia. Akirudi kuwaambia alikosea, ataswali wapi? Akairudisha misumari mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni hajibu swali wala haulizi.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kumbana. Shangazi, dada mkubwa wa baba mdogo, alihamia kabisa kusimamia mambo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kila neno lilikuwa na pindo. Msikivu akikaa kimya, shangazi anasema haya za mwari hizo. Akifumbua mdomo, shangazi anasema woga wa mwari huo. Alimwuliza kijana angempa nini, picha zake za kwenye simu? Ya kale ni dhahabu, alisema, na mzee hana nguvu za kumkimbiza mke. Wanawake waliokuja kuchambua mchele wakacheka mpaka ungo ukaruka. Msikivu alikuwa anatafuta kila siku ufa wa kupenyeza neno lake, na kila ufa ulikuwa umeshazibwa na kicheko.

Alifikiri amwendee Mzee wa Mbao mwenyewe. Mzee akaja kwa miguu yake karakanani kulitazama godoro. Alilikandamiza kwa kiganja, akalipiga kofi, akasema na Mama Sufi kuhusu ugumu wake. Msikivu alikuwa umbali wa kunyoosha mkono. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Mama Sufi aliona, akajifanya hakuona, akamwacha. Mashine ilinguruma. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka bila kumwangalia, na Msikivu akabaki ameshika sindano, ana hasira ambayo sehemu kubwa ilikuwa juu ya nafsi yake.

Dada yake alifika na mumewe siku chache kabla ya arusi. Dada alikuwa ameolewa kwa namna hiyo hiyo, kutoka chumba hicho hicho. Usiulize anaishije. Zamani alikuwa mtu wa vichekesho, na sasa alikuwa mtu wa kukunja vitu. Alikunja taulo, alikunja mifuko, alikunja hata karatasi za peremende za watoto. Wakiwa wanapiga pasi, akamweleza Msikivu jambo ambalo hakuwahi kumweleza. Siku yake ya ndoa alipoulizwa alilia. Shangazi akasema kwamba wazee wa zamani walikuwa wakipima machozi ya mwari: yakiwa ya moto anakataa, yakiwa ya baridi ni ya furaha. Akampitisha kidole shavuni, akatoa kichwa nje ya pazia akawatangazia wanaume kuwa ni ya baridi.

"Na yalikuwa?" Msikivu aliuliza.

Dada akageuza shati upande wa pili. Badala ya kujibu, akashusha sauti akamwambia aliyoyasikia jana usiku kwa mumewe na shangazi. Shekhe wa kufungisha ndoa masikio yake hayafanyi kazi sawasawa, ndiyo maana watu wanamwita Mkono Sikioni. Kila arusi huwekwa mtu karibu na pazia wa kumfikishia jibu la mwari. Safari hii amewekwa shemeji yake Msikivu, yaani mume wa dada. Na wanawake wa ndani wameshaambiwa: mwari akifumbua mdomo tu, kwa neno lolote, vigelegele.

Basi Msikivu akaiona njia ilivyofungwa. Shekhe hasikii. Shemeji atasema lililopangwa. Vigelegele vitafunika. Na sauti yake yenyewe, kwa sufi na pamba, haifiki hata jikoni.

*

Ijumaa ikafika kama Ijumaa nyingine zinavyofika, jua lake na kunguru wake. Chumba cha mbele kilijaa wanaume wenye kanzu, mabega yao yamebanana hadi ukutani kwa kukosa nafasi. Chumba cha ndani kilijaa wanawake. Kati yao palitundikwa pazia zito la kijani, fupi kidogo kuliko mlango, kiasi cha kuacha ufa chini. Msikivu alikaa karibu na ufa huo, mtandio umemfunika uso, shangazi upande wa kulia, dada upande wa kushoto. Alitazama miguu. Ya baba mdogo aliijua, vidole vimepinda kwa kuchutama. Ya shemeji ilikuwa imekaribia mno pazia.

Shekhe alifika akiwa na haraka. Alikuwa na maziko baada ya hapo, na alisema hivyo kabla hajakaa. Baba mdogo akamwambia, kwa sauti ya juu, kuwa kila kitu tayari na binti ameshakubali, waendelee. Shekhe akauliza kama baba wa binti yuko hai. Akaambiwa alifariki.

"Basi nitamuuliza mwenyewe," alisema. "Nikuulize wewe kwa nini?"

Akaja mpaka kwenye pazia. Msikivu aliona soksi zake, ya kushoto imetobolewa na kidole gumba. Akajua, bila kuona, kuwa mkono uko sikioni.  Wanawake wa ndani walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi.

Shekhe akamwambia kwamba ami yake anataka kumwoza kwa Mzee wa Mbao, kwa mahari ambayo ni haki yake yeye binti na si ya mtu mwingine. Je, ameridhika?

Alikuwa amelipanga jibu tangu mwezi uandame. Alikuwa amelisema jikoni, amelisema chini ya kelele za mashine, amelisema akiwa amefunika kichwa kwa shuka. Akafumbua mdomo. Lakini ulimi una malezi yake kama mtoto, na ulimi ule ulilelewa katika nyumba ile, na aliyeuliza alikuwa mkubwa.

"Nimesikia," alisema.

Vigelegele vikalipuka, paa likataka kuinuka. Shangazi alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Chini ya kelele hizo, upande wa pili wa pazia, sauti ya shemeji ikasikika sikioni mwa shekhe, imetulia kabisa: "Amekubali, shekhe."

Soksi zikageuka. Kisigino kimoja, kisha cha pili. Ile yenye tundu ikanyanyuka kuondoka.

Msikivu aliitazama soksi ile. Alijua sasa kwamba neno lake mwenyewe ndilo linalomwoza. Akavuta pumzi ili apige ukelele, na mkwaruzo ukamshika kooni, sauti haikutoka. Vigelegele vilizidi. Hapo mwili ukakumbuka kitu ambacho ulimi haukufundishwa nyumbani. Kelele haishindwi kwa kelele. Unaacha kazi, unamwendea mtu.

Akasimama. Shangazi akaudaka mtandio wake kwa ngumi, akamkaripia akae. Msikivu akavuta, haukuachia. Ndipo dada, yule wa kukunja vitu, akaishika ile ngumi ya shangazi na kuanza kuikunjua, kidole baada ya kidole, uso wake hauna chochote, kama anayeondoa makunyanzi kwenye shuka. Mtandio ukaachia. Msikivu akainua pazia akatoka.

Wanaume wakainamisha vichwa kwa mshangao. Shekhe alikuwa amewapa mgongo, anakunja magoti akae. Msikivu hakumwita. Alizunguka katikati ya miguu ya watu mpaka akafika mbele ya uso wake, akaufunua uso wake mwenyewe, akasimama. Shekhe akainua macho. Msikivu akafumbua mdomo wazi, akasema polepole, kama siku yoyote ya kazi.

"Nimesikia. Sijaridhika."

Shekhe akaitazama midomo yake. Mkono ukapanda sikioni kwa mazoea.

"Rudia."

"Mwanangu," baba mdogo alisema. Neno moja tu, na ndani yake kulikuwa na viatu vyote vya shule, na minofu yote.  Msikivu alijua kuwa akimtazama hatamaliza, kwa hiyo hakumtazama.

"Nimesikia, shekhe. Sijaridhika. Sikuulizwa mpaka leo."

Shemeji akaingilia, akasema ni haya za mwari, shekhe asishughulike. Shekhe akamgeukia akamwuliza kama yeye kwa masikio yake alimsikia binti akisema amekubali. Shemeji akatazama mkeka.

"Alisema amesikia," alijibu. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Mzee mmoja wa pembeni akakohoa. "Mke wangu ananisikia tangu ujana wetu," alisema, "hajakubali neno langu hata moja." Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya wakaacha.

Mzee wa Mbao alikuwa bado amekaa, kanzu yake mpya imesimama kama karatasi, unga wa mbao umebaki katika mistari ya viganja. Alimwuliza baba mdogo kama si yeye aliyemwambia binti kakubali kwa mdomo wake. Baba mdogo alianza kujibu. Alisema, "Aliniambia ame...", akafika hapo, akalisikia neno lenyewe kabla hajalitoa. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia.

Mzee wa Mbao akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni.

"Ubao hausemi, ndiyo maana naugeuza," alisema, akiwa anaitazama sakafu. "Huyu ana mdomo. Nami nilipishana naye mara ngapi, sikumuuliza."

Shekhe akachukua fimbo yake. Akasema hapa hakuna ndoa, na asiwepo wa kumgusa binti kwa hili, kwa maana haki aliyoitumia hakupewa na yeyote aliyemo chumbani. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi, maana maiti anangoja.

*

Usidhani mambo yakawa mepesi. Shangazi alifunga mizigo yake akafungua tena, akakaa ili apate kusema. Alimwita Msikivu kwa kulivuta jina, Msi-ki-vu, kama anayevuta uzi kwenye jeraha. Barabarani watu walikatiza mazungumzo akipita. Baba mdogo akawa anakwenda kuswali msikiti wa mbali, anaondoka mapema na kurudi amechoka, na hakumsemesha. Chakula alikula, salamu aliitika, basi. Hilo lilimuuma Msikivu kuliko ulimi wa shangazi, na kuna siku alijiuliza kama angeweza kulirudia tena jambo lile. Alikuta kuwa angeweza, na kujua hivyo hakukumfariji.

Dada aliondoka na mumewe, ambaye hakuaga. Pale mlangoni dada aliushika mkono wa Msikivu akaubandika kwenye shavu lake lililolowa.

"Pima," alisema.

Msikivu akasema ni ya moto.

"Hata siku ile yalikuwa ya moto," dada alisema, akachukua begi lake.

Mzee wa Mbao alikuja karakanani kuchukua godoro. Mama Sufi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata mikono ya gauni alikuwa ameikunja. Mzee alipitisha kidole kwenye ukingo, akamgeukia Msikivu, na kwa mara ya kwanza akamuuliza kitu: huu mshono ni wako? Msikivu akasema ni wake. Mzee akasema ni imara. Akasema godoro analichukua vilevile, maana mgongo hauoni aibu. Mama Sufi akakunjua mikono ya gauni.

Kisha ikawa asubuhi moja, Msikivu anaingia na ndoo ya maji, baba mdogo amesimama mlangoni mwa chumba, mkono mmoja juu ya kizingiti. Akamwambia, akitazama ndoo, kuwa amepata ngozi nyingi za kazi na kibarazani zinanyeshewa. Anataka kuziweka chumbani kwa Msikivu, na Msikivu alale na shangazi.

"Nimesikia, baba," Msikivu alisema.

Zamani baba mdogo angekuwa ameshaondoka. Hakuondoka. Alijikuna kidevu, akahamisha mguu.

"Hilo najua," alisema. "Nauliza."

Msikivu akaitua ndoo. Ilimchukua muda kulipata neno, kwa kuwa halikuwa na njia katika nyumba ile, ilibidi alipasulie njia.

"Shangazi anakoroma," alisema.

Baba mdogo akatazama juu, kwenye boriti.

"Hata mimi namsikia," alisema, akaenda kutafuta mahali pengine pa kuweka ngozi zake.